Shida si unga, ni ulichopaka chini yake

Swali: "Asalam aleikum Anti. Nilinunua vile vikopo vya unga wa rangi ya macho, kimoja shaba kimoja dhahabu, nikajipaka siku ya kupamba kwa binamu yangu huko Majengo. Kutoka nyumbani ilikuwa imewaka vizuri sana lakini masaa mawili hata hayajaisha imejikata mstari katikati ya kope, na unga mwingine umenimwagikia mashavuni. Nilipaka mafuta ya nazi kidogo ngozi isikauke, halafu praima (ile krimu ya kutangulia mekapu), faundesheni mpaka machoni, na unga nikauchanganya na gliserini na maji vile nilivyoona kwa video. Dadangu anaolewa mwezi wa 3 na mimi ndo nitampamba. Sisi twakaa Likoni na harusi iko kisiwani, yaani kuna feri na ninja (nikabu) juu ya uso. Nakosea wapi?"

Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza hongera za dada, Mungu awatilie kheri. Swali lako nimelisoma mara mbili nikacheka, si kukucheka wewe, nimejicheka mimi manake hayo yote mimi nimeyafanya, tena afadhali wewe ulijifanyia kwa uso wako, mimi nilimfanyia bibi harusi wa watu. Ilikuwa Machi pia, lile joto la mwisho wa kaskazi upepo umekatika na hata kuku wamekaa kivulini wanahema, nikamchanganyia shaba yake na gliserini kama nilivyoona kwa dada mmoja wa Uingereza kwenye video, akatoka chumbani ang'ara kama sufuria mpya. Kufika wakati wa kuingia ukumbini mpiga video akawasha zile taa zake kali, ndo nikaiona, mistari miwili juu ya macho kama imechorwa kwa penseli. Mama mtu hakuniambia neno, aliniangalia tu. Mpaka leo nikimuona sokoni Marikiti napita upande wa pili.

Kwa hivyo nikwambie moja kwa moja, unga wako hauna makosa. Kinachojikunja ni kile ulichopaka chini yake, na ulipaka kingi, na ulikuwa hujakiacha kikakauka. Unga umebebwa tu, kama abiria, gari likiteleza naye yumo ndani.

Hebu tuanze na huo unga wenyewe manake ukiuelewa hutababaika na video za watu. Aishedo, yaani rangi ya macho, ile ya kushindiliwa kwenye kisahani imetiwa vitu vya kuishikisha ndani, mafuta kidogo, silikoni na kadhalika, ndo ukiigusa na brashi inakuja na inakaa. Huu wa kikopo hauna cha kuushika, au unacho kidogo mno, ni karibu rangi tupu. Ndo maana unawaka kuliko zote na ndo maana unamwagika kuliko zote, ni sifa moja hiyo hiyo. Na ule wa kung'aa si unga kama unga wa ngano, ni vipande bapa vidogo sana vya ulanga, wengine waita maika, vilivyovikwa titani dioksidi au oksidi ya chuma, yaani kutu kwa lugha ya nyumbani, hiyo ndo yatoa shaba na dhahabu. Wewe vifikirie kama magamba ya samaki. Ukimparuza changu magamba yaruka kila pembe, ukutani, kwenye nywele, kesho kutwa bado wayaokota. Lakini gamba moja likilala bapa juu ya sahani yenye unyevu, litoe basi! Halitoki, na linang'aa lote. Basi ukichukua brashi ya manyoya mengi ukafagia unga huu juu ya jicho, umeparuza samaki. Magamba yamesimama ovyo ovyo, mng'ao umekufa nusu na nusu nyingine iko shavuni. Huu unga haufagiwi, unabonyezwa.

Sasa kope. Nikisema kope hapa nakusudia ile ngozi inayofunika jicho, si yale manyoya. Ndo ngozi nyembamba kuliko zote mwilini, na haitulii. Mtu anapepesa macho kama mara 15 hadi 20 kwa dakika moja, piga hesabu ya harusi ya masaa manne utapata mara 3,600 mpaka 4,800, na kila mara ngozi inakunjwa pale pale kwenye mkunjo ule ule. Chochote kilicho laini, kibichi au kinene kitasukumwa kiingie kwenye huo mkunjo, hakina njia nyingine. Ongeza jasho letu la Mombasa, Machi joto linafika 32, 33 na hewa yenyewe nzito waweza kuikamua kama leso. Kwa hivyo ukitaka isijikate mstari unahitaji vitu viwili, viwe vyembamba, na viwe vimekauka kabla jicho halijaanza kazi yake ya kukunja.

Mafuta ya nazi weka kando siku hiyo. Najua, sote tumelelewa nayo, na usiku utayahitaji nitakwambia, lakini chini ya mekapu ya macho ni sawa na kutandika mkeka juu ya sakafu iliyomwagika sabuni. Muoshe uso, kama ngozi yake ni kavu mpake losheni nyepesi uso mzima isipokuwa kope, mwache robo saa mfanye mengine, nywele, kucha, soga. Halafu chukua tishu umbonyeze juu ya kope na chini ya nyusi. Tishu ikitoka na alama ya mafuta bado hamjawa tayari, rudia.

Faundesheni machoni pia acha. Ile imetengenezwa ikae laini usoni ili isipasuke mtu akicheka, na huo ulaini ndo unaoteleza kwenye kope. Konsila, ile krimu ya kuficha madoa, ni hivyo hivyo, najua kuna wapambaji wanaitumia badala ya praima na kwa picha za nusu saa sina ugomvi, lakini kwa harusi ya usiku mzima hapana. Tumia praima ya macho yenyewe. Kipimo ni punje moja ya mchele kwa macho MAWILI, si kila jicho punje yake. Watu wengi shida yao iko hapa tu, wanapaka praima kama wanapaka siagi kwenye mkate wakidhani ikizidi itashika zaidi, kumbe ndo inayokuja kujikusanya. Isambaze kwa kidole cha pete mpaka usiione. Na hapa kuna kitu sikufunzwa na mtu, nimekipata kwa kuharibu, mwambie aangalie chini magotini kwake, asiinue macho mpaka ikauke, kama dakika moja au moja na nusu hivi. Akiinua mapema praima inakunjwa ikiwa mbichi, na huo mstari wa kwanza ndo utaitwa na mistari yote itakayofuata. Ikitokea, usimwage kitu juu yake, pitisha kidole ulainishe kwanza.

Sasa ndo siri yenyewe ambayo video haziisemi vizuri. Wengi wakishapaka praima wanapiga poda jicho zima, halafu wanashangaa unga haushiki. Wengine hawapigi poda kabisa, halafu wanashangaa mkunjo umejaa. Wote wana nusu ya ukweli. Kwenye mkunjo na juu yake mpaka karibu na nyusi pawe PAKAVU, hapo piga poda au aishedo ya kushindiliwa isiyong'aa, rangi karibu na ngozi yake au kahawia ya hamri. Chini ya mkunjo, pale kope inapokaa kama kibaraza, pasiguswe na poda, pabaki na kale kaugundi kadogo ka praima. Kavu juu, gundi chini. Magamba yatakaa kwenye gundi na mkunjo hautakuwa na kitu cha kula. Na unga wa kung'aa usiupeleke mpaka ndani ya mkunjo, simama chini yake kidogo, upana wa mstari wa kalamu hivi, ile kahawia kavu ndo itaziba hiyo nafasi na hakuna atakayejua.

Kama dada yako macho yake kope zimejificha, yaani akiangalia mbele ngozi ya juu inalalia kope yenyewe, basi hata hiyo ngozi ya juu inayolalia ipige poda vizuri, manake yeye tatizo lake si kujikunja peke yake, ni kuchapika, shaba ya chini inajipiga muhuri juu.

Kuuchukua unga. Usichovye brashi kwenye kikopo. Gonga kidogo kwenye kifuniko, kidogo nikisema ni kama chumvi ya yai moja. Chukua brashi bapa ya nyuzi za plastiki, ile ngumu ngumu fupi, si ya manyoya, ipulizie sprei ya kushikisha mekapu mara moja halafu ipangusie nyuma ya mkono ibaki na unyevu tu isidondoke. Puliza kwenye brashi, si karibu na jicho la mtu, nyingi zina alkoholi zinawasha. Halafu gusa unga, gonga ukingo wa kifuniko, anza katikati ya kope na ubonyeze. Bonyeza, inua, bonyeza, inua, kama mtu anayepiga muhuri pale posta. Koti la kwanza liwe jembamba hata uone ngozi, mwache tena aangalie chini nusu dakika, halafu la pili. Mawili membamba yanashinda moja nene, na la tatu ni tamaa. Unga uliobaki kwenye kifuniko na umeshaguswa na brashi yenye maji usiurudishe kikoponi kabisa, maji yakiingia humo wafuga vijidudu, na mwezi ujao wavipaka kwenye macho ya mtu mwingine.

Kidole chaweza pia, kwa mng'ao hakuna brashi inayokishinda, lakini kinabeba joto na mafuta yake, kwa hivyo mimi hukitumia koti la mwisho tu, pale katikati.

Sasa tuzungumze gliserini manake najua utaniuliza. Gliserini kazi yake ni kuvuta maji kutoka hewani na kuyashika, ndo maana iko kwenye losheni. Yule dada wa Uingereza anajipaka Januari, hita inawaka ndani ya nyumba, hewa kavu kama biskuti, maji ya mchanganyiko wake yanaruka na gliserini iliyobaki haina cha kuvuta. Wewe uko Likoni, bahari iko mlangoni. Hapa gliserini haikauki, inakunywa hewa yako na inabaki laini vile vile usiku kucha, na kilicho laini kwenye kope nimeshakwambia kinakwenda wapi. Hakudanganya mtu, ile mapishi yake ni ya kwao tu. Sprei ya kushikisha ni tofauti, ina vitu vinavyobaki kama utando mwembamba maji yakishakauka, ndo inafaa kwetu. Na kama unataka mng'ao mzito zaidi, ule wa vipande vikubwa vikubwa vya glita, kuna gundi za glita zinazotengenezwa kwa macho, paka nyembamba sana, ngoja mpaka ukigusa inanata bila kuja na kidole, ndo ubonyeze. Gundi ya kope za bandia isitumike kwa kazi hiyo, inavuta ngozi na wengine inawachubua ukija kuitoa.

Unga kumwagikia mashavuni hautaisha kabisa hata ufanye nini, kwa hivyo panga kazi yako, macho KWANZA, faundesheni baadaye. Ukimaliza macho chukua pamba na maji ya kusafishia mekapu usafishe chini ya jicho lote, halafu ndo uanze uso. Usipanguse kwa mkono mkavu, utaisambaza ile dhahabu na atakuwa ang'ara mpaka kidevuni. Wako wanaobandika selotepu chini ya jicho, mimi sipendi, ngozi ile ni nyembamba mno kuvutwa vutwa.

Feri na ninja sasa. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kinachomaliza watu ni ule mngojo na msongamano na jua. Ninja ndo mtihani mkubwa zaidi, pumzi yake mwenyewe inapanda juu inatokea machoni, yaani macho yako kwenye mvuke kama ya mtu anayeinamia sufuria ya wali. Kama yawezekana mvushe dada yako na uso mtupu, mumpambie huko huko kisiwani kwa jamaa yenu, itakuokolea nusu ya kazi. Kama haiwezekani basi mmalize macho angalau nusu saa kabla ya kutoka, akae chini ya feni, sprei ya mwisho ikauke kabisa, ndo ninja ivaliwe, na ifungwe isikwaruze kope kwa ule mshono wake wa juu. Kwenye gari akae dirishani. Mkoba wako uwe na tishu, kile kisahani cha poda, brashi moja kavu na kifuniko chenye unga kidogo.

Mkifika na ukaona mstari umeanza, usipake unga mpya juu ya mstari, hilo kosa wapambaji wazima wanalifanya. Afunge jicho, bonyeza tishu kunyonya jasho, kwa kidole safi lainisha ule mstari kwa kugonga gonga, poda kidogo kwenye mkunjo, halafu unga kidogo katikati ya kope peke yake. Dakika mbili yamekwisha.

Kuna jambo silipitii haraka, nalo ni wapi umenunua huo unga. Kikopo kiwe kimeandikwa viungo, na kiwe kimeandikwa ni cha macho. Kuna unga wa maika unaouzwa kwa mafundi wa sabuni na wa zile meza zinazomwagiwa resini, ile gundi ya kuganda, waonekana sawa sawa kabisa na bei ni tamu, lakini haukutengenezwa kwa jicho la mtu. Glita ya duka la vifaa vya shule ndo mbaya zaidi, vipande vyake vina ncha, kikiingia jichoni chaweza kukwaruza kioo cha jicho na hapo harusi mtaihudhuria hospitali. Rangi za neoni zile za kuwaka kama tochi, Marekani FDA, wale wasimamizi wa dawa na vipodozi, hawajaziruhusu kwa eneo la macho, mimi nami siziruhusu kwenye kiti changu. Na mkitaka kumpaka wanja wa manga wa mkebe kwa sababu bibi kasema, muulizeni bibi kwa heshima umetoka wapi, manake wanja wa jiwe mara nyingi ni madini yenye risasi ndani, ile metali ya sumu, na FDA hao hao wameukataza, penseli nyeusi ya kawaida itafanya kazi ile ile na bibi hataona tofauti kwa mbali. Kama dada yako anavaa lenzi, avae kabla hujaanza unga, si baada.

Kabla ya siku yenyewe fanya jaribio, na usilifanye chumbani mbele ya feni halafu useme limefaulu. Jicho moja mpake kwa njia yako ya zamani, jingine kwa hii yangu, halafu mpeleke jikoni akakaange mahamri ya familia nzima, atoke aende Kongowea akanunue mchicha arudi. Masaa manne. Kama dadako atakubali kutembea na macho mawili tofauti, kama hatakubali jifanyie mwenyewe, ninja si unayo. Andika ulitumia nini na kiasi gani maana siku ya harusi akili haitakuwepo.

Usiku wa kuondoa, hapo sasa toa chupa ya mafuta ya nazi. Pamba yenye mafuta ikae juu ya jicho lililofumba sekunde 20 au 30, ivute kwenda chini taratibu, halafu osha na sabuni laini. Usisugue, magamba yale yale uliyoyalaza bapa ukiyasugua yatakwaruza.

Na mama yenu najua atakuja kukaa kwenye kiti akwambie "nami nitie kidogo". Mtie, lakini kope ikishakuwa na mikunjo ya umri mng'ao wote unaingia kwenye kila mkunjo na kuutangaza, kwa hivyo mpake kahawia isiyong'aa kote na shaba kidogo sana, kidole kimoja, katikati, umuache. Dada akianza kulia wakati wa kuagwa, na atalia, mpe tishu aibonyeze pembeni ya jicho, mtu yeyote asimpanguse, hata shangazi.